Vipindi Sita vya Kujifunza Kuingia Barabara Kuu: Tathmini ya Mafunzo ya Marudio katika Chuo Kimoja cha Udereva, Kisumu

Leseni yangu ya udereva imetimiza miaka 14, na katika muda huo wote sijagonga gari la mtu. Hata hivyo, tangu familia yetu ihamie Kisumu kutoka Kakamega, kulikuwa na jambo nililolificha hata kwa wafanyakazi wenzangu: kila asubuhi nilipotoka Mamboleo kwenda kazini Ahero, niliikwepa baipasi, ile barabara kuu inayozunguka mji, pale Kondele, nikateremka hadi katikati ya mji, nikajibanza kwenye msongamano wa Kachok, ndipo nikatokea Nyamasaria. Njia hiyo ilinipotezea karibu nusu saa kila siku, na sababu yake haikuwa nyingine ila hofu ya njia ya kupandia, yaani kile kipande cha barabara kinachokutoa mtaani na kukufikisha barabara kuu, ambapo magari mengine tayari yamo mbioni na wewe ndiye unayetafuta nafasi.

Hofu hiyo ilikuwa na chanzo. Mwezi wa Oktoba mwaka jana nilifika mwisho wa njia ya kupandia, nikasimama kabisa, nikawa nangoja barabara iwe tupu. Matatu iliyokuwa nyuma yangu ilipiga honi mfululizo, nikaona haya, nikaachia klachi na kuingia kwa gia ya kwanza mbele ya lori lililobeba saruji. Dereva wa lori aliwahi kushika breki. Nilisikia hewa ya breki zake ikifoka, na katika kioo cha kati sikuona kitu kingine ila bampa na nambari ya usajili. Hakuna aliyeumia, na yule dereva hata hakupiga honi, lakini kwa wiki nzima mikono yangu ilikuwa ikitoa jasho kila niliposhika usukani.

Tathmini hii inahusu mafunzo niliyoyachukua Februari na Machi mwaka huu katika chuo kimoja cha udereva chenye ofisi ya vyumba viwili ghorofani, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Kondele. Jina la chuo nimeliacha nje kwa makusudi, kwa kuwa nina malalamiko ambayo nimeshayafikisha kwa mwenye chuo na nimempa muda wa kuyashughulikia, na sioni haki kumtangaza mtu kabla muda huo haujaisha. Ninachokitathmini hasa ni mafunzo yenyewe: vipindi sita vya saa moja na nusu kila kimoja, kwa watu ambao tayari wana leseni, vyenye shabaha moja tu ya kufundisha namna ya kuingia, kukaa na kutoka katika barabara kuu. Nililipa shilingi 9,000 kwa gari la chuo. Anayetumia gari lake hulipa shilingi 7,500, ila katika gari lake mwalimu hana pedali ya pili ya breki, jambo ambalo kwa mtu mwenye hofu kama yangu lilikuwa na thamani kubwa kuliko hiyo tofauti ya shilingi 1,500.

Kipindi cha kwanza hakikuwa barabarani. Mwalimu, mzee mwenye asili ya Alego ambaye amewahi kuendesha malori ya masafa marefu hadi Malaba, alinikalisha mbele ya ubao ule ule wa mji wa mfano ambao kila Mkenya aliyepita chuo cha udereva anaukumbuka: barabara zilizochorwa, mizunguko, maegesho, na kigari kidogo cha kusukumwa kwa kidole. Alinipa kigari hicho akaniambia niingie barabara kuu. Nilikisukuma hadi kwenye mstari, nikasimama, nikatazama kulia, nikaingia. Ndivyo nilivyofundishwa miaka 14 iliyopita, na ndivyo nilivyofaulu mtihani. Mwalimu akaniuliza, "Mama, hicho kigari kilikuwa kikienda kilomita ngapi kwa saa?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niamini kwamba fedha zangu hazikupotea. Ubao unafundisha mahali pa kupita na nani mwenye haki ya kutangulia, na hayo ni mambo ya lazima, lakini kigari chake hakina mwendo, na kuingia barabara kuu ni jambo la mwendo kuliko jambo la mahali. Mtu anayetoka mtaani na kukuta ishara ya kusimama anatakiwa asimame. Lakini mtu aliyepewa njia ya kupandia amepewa kipande hicho cha lami ili afikie mwendo wa wenzake kabla ya kuwagusa, na akikitumia kama mahali pa kungojea, amekigeuza kuwa kitu kisichokusudiwa. Mimi nilikuwa nikidhani kwamba kusimama ni uangalifu. Kumbe kusimama kule ndiko kulikonisukuma mbele ya lori kwa gia ya kwanza.

Mwalimu alichukua chaki akaandika hesabu ukutani, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kutaka hesabu, naziweka hapa. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha sheria kwa matatu, mabasi na malori nchini, hukata karibu mita 22 kila sekunde. Ukiingia mbele yake ukiwa umesimama, na lenyewe lipo mita 100 nyuma yako, lina chini ya sekunde tano kabla ya kufika ulipo, ilhali gari dogo la kawaida huhitaji muda mrefu zaidi ya huo kufikisha mwendo wa 80 kutoka sifuri. Ukiingia kwa kilomita 40, tofauti yenu bado ni mita 11 kwa sekunde, kwa hiyo lori lililo mita 50 nyuma nalo linakufikia katika muda ule ule. Ukiingia kwa 80, tofauti ni sifuri, na lori linaweza kuwa mita 50 nyuma yako hadi jioni bila kukukaribia hata hatua moja. Lori lenyewe huenda likawa na uzito wa tani 56, ambao ndio kikomo cha juu katika sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na uzito huo hausimami kwa kukuonea huruma.

Aliongeza jambo moja la Uingereza ambalo nililichukua kama faraja. Huko nako magari hupita upande wa kushoto kama kwetu, na hadi tarehe 4 Juni 2018 wanagenzi wa udereva hawakuruhusiwa kabisa kuingia katika barabara zao kuu za mwendo kasi. Mtu alipata leseni leo, na kesho yake akaingia huko mara ya kwanza akiwa peke yake. Tangu siku hiyo wanaruhusiwa, lakini wakiwa na mwalimu aliyeidhinishwa, katika gari lenye pedali za pili. Kanuni zao za barabarani, kifungu cha 259, zinamtaka anayeingia awapishe walio tayari barabarani, alinganishe mwendo wake na wa magari ya leni ya kushoto ili apate kuingia salama, kisha akae katika leni hiyo ya kushoto hadi aizoee kasi ya barabara ndipo afikirie kupita wengine. Maagizo hayo, alisema mwalimu, yanafaa Kondele kama yanavyofaa London, kwa sababu uzito na mwendo havibadiliki kwa kuvuka bahari.

Kipindi cha pili tulikwenda barabarani saa nne asubuhi, msongamano wa kwenda kazini ukiwa umekwisha. Tulipanda baipasi kutoka Kondele kuelekea Nyamasaria mara tisa, tukirudi kila mara kwa barabara ya kando, na mara zote tisa mwalimu alitaka nitaje kwa sauti kile nilichokuwa nikikiona na nilichokuwa nikikifanya. Nitaieleza mara ya nne, kwa kuwa ndiyo iliyonifungua macho. Nilipoanza kupanda nilikuwa na kilomita 30, gia ya pili, na tayari nilikuwa nimewasha indiketa ya kulia. Kioo cha kulia kilinionyesha matatu nyeupe, nyuma yake nafasi, kisha trela la mafuta. Jicho langu likaganda kwenye trela. Mwalimu akasema taratibu, "Usilitazame trela. Tazama nafasi iliyo mbele yake, uwe kama unayekwenda kuketi pale." Nikakanyaga mafuta, gia ya tatu, 50, nikageuza shingo kutazama juu ya bega la kulia ile sehemu ambayo kioo hakiioneshi, nikamkuta mwendesha bodaboda aliyejificha hapo hapo, nikampisha apite, 65, gia ya nne, nikatazama tena, matatu ikawa mbele yangu na trela nyuma yangu, wote tukienda pamoja. Usukani niliugeuza kiasi cha upana wa kidole tu. Gari likahamia leni ya kushoto kana kwamba limekuwa humo tangu mwanzo. Nilizima indiketa, na trela halikugusa hata breki.

Ile bodaboda ndiyo sababu inayonifanya nisisitize kugeuza shingo. Kioo cha kulia na kile cha kati vilikuwa safi na vimerekebishwa vizuri, lakini havikumwonyesha. Katika mji wenye bodaboda na tuktuk nyingi kama Kisumu, ambapo wengi wao hushika ukingo wa kushoto kabisa, mtu anayetegemea vioo peke yake anaingia akiwa amefumba jicho moja.

Baada ya hapo mafunzo yalihamia kwenye adabu, na hapa ndipo chuo hiki kinapovishinda vyote nilivyovisikia. Mwalimu huyu anaizungumzia njia ya kupandia kama mlango wa nyumba. Anayeingia ni mgeni, aliye barabarani ni mwenyeji, na indiketa ni hodi. Hodi hupigwa kabla mtu hajafika kizingitini, si akiwa tayari ameketi sebuleni, na kwa hiyo indiketa inayowashwa gari likiwa limeshaanza kuhama haimsaidii mtu yeyote. Lakini pia hodi si ruhusa. Wapo madereva wengi wanaoamini kwamba wakiwasha indiketa wamenunua barabara, na anayekuja ni lazima ajue atakavyofanya. Mwenye haki ya kupita ni yule aliye barabarani, na mgeni asiposikia karibu, anaendelea kutafuta nafasi nyingine kwa kupunguza au kuongeza mwendo kidogo, mapema, wakati njia bado ipo mbele yake.

Upande wa mwenyeji nao una wajibu wake, na nakiri kwamba sikuwahi kuufikiria hata siku moja. Dereva aliye barabara kuu anaiona njia ya kupandia ikija mita mia mbili au tatu mbele. Akiona magari yanapanda, na leni ya kulia iko wazi, ahamie kulia kwa muda, awaachie wageni leni ya kushoto, kisha arudi. Akiwa hana nafasi ya kuhamia, kilicho bora ni kuushika mwendo wake pasipo kuubadilisha, ili mgeni aweze kumkadiria, au kulegeza mafuta kidogo kuifungua nafasi iliyo mbele yake. Asikimbilie kuiziba nafasi kwa kuongeza kasi, kama tunavyoona kila siku, mtu akiona indiketa ya mwenzake anakanyaga mafuta kana kwamba ametukanwa.

Kuna kosa jingine la mwenyeji, gumu zaidi kulitambua, kwa sababu linatokana na wema. Ni lile la dereva anayefunga breki katikati ya barabara kuu na kupunga mkono ili mgeni aingie. Nyumbani kwetu tumelelewa kumkaribisha mtu, na anayefanya hivyo anadhani ametenda ukarimu. Lakini aliye nyuma yake hakuona mkono ule wala hakumwona mgeni. Alichoona ni taa nyekundu za breki mahali ambapo hakuzitarajia. Katika kipindi cha tatu dereva wa gari dogo alitufanyia hivyo hivyo karibu na Nyamasaria, na mwalimu akanikataza kuingia hadi tulipoona kwamba matatu iliyokuwa nyuma ya yule msamaria imepunguza mwendo. Aliniambia kwamba alipokuwa dereva wa lori, mikono ya kukaribisha ilimtisha kuliko honi, kwa kuwa honi unajua inataka nini.

Kuhusu taa, nilijifunza kuachana na mazoea mawili. La kwanza ni kuamini taa kubwa zinazopepeswa. Mmoja akizipepesa anamaanisha "pita", mwingine anamaanisha "nakuja, usithubutu", na njia ya kupandia si mahali pa kujaribu kubahatisha ni yupi kati yao. Mwalimu alitaka niutazame mwendo wa gari lenyewe: nafasi ikipanuka, nimekaribishwa, na ikisinyaa, sijakaribishwa, hata kama taa zinapepesa kama za harusi. La pili ni mazoea ya kuwasha taa za dharura, zile zinazopepesa pande zote mbili, ili kuonyesha kwamba unakwenda moja kwa moja. Kumbe aliye pembeni yako huenda akaiona taa ya upande mmoja tu, nyingine ikiwa imefunikwa na gari jirani, akasoma kwamba unakata kona. Nilikuwa nikifanya hivyo kila mzunguko kwa miaka 14, na hakuna aliyewahi kunisahihisha.

Mafunzo yaliyoishia kwenye barabara tupu ya saa nne asubuhi yangekuwa nusu tu, na kwa haki ni lazima nikisifu chuo kwa kunipeleka mahali pagumu. Kisumu ina ugumu wake wenyewe. Matatu husimama kushusha abiria pale pale njia ya kupandia inapokutana na barabara kuu, kwa sababu ndipo watu wanapongojea, na ile leni ya kuongezea mwendo inageuka kuwa kituo. Mwalimu alinifundisha kuitambua hali hiyo kabla sijaanza kupanda: nikiona watu wamesimama mwishoni, niache nafasi kubwa mbele yangu nikiwa bado chini, nipande polepole, nijijengee mwendo baadaye, badala ya kufika juu nikiwa na 60 na kukuta mlango wa matatu umefunguliwa. Upande wa Mamboleo kuna trekta za miwa zinazotoka pande za Miwani na Muhoroni, zikivuta matela mawili, mengine bila taa za nyuma. Nyuma ya trekta kama hiyo kuongeza kasi hakusaidii. Unangoja kwa subira hadi upite salama. Na jioni, anayeelekea Kisian jua humpiga usoni moja kwa moja likiwa linazama upande wa ziwa, kiasi kwamba indiketa ya gari la mbele haionekani hata ikiwaka. Tulifanya kipindi cha nne saa kumi na moja na nusu kwa sababu hiyo, na nilijifunza kusafisha kioo cha mbele kwa ndani, ambako vumbi hubadilika kuwa pazia jeupe jua linapolipiga.

Siku hiyo hiyo tulisimama kwa muda kwenye barabara ya kando karibu na mzunguko wa Coptic, ambapo tarehe 8 Agosti 2025 basi lililobeba waombolezaji waliotoka mazishini lilipinduka na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mwalimu hakutoa hotuba. Alizima injini, tukatazama magari yanayoteremka kutoka Riat yakiufikia mzunguko, akanitaka nikadirie mwendo wa kila moja kabla halijafika. Nilikadiria vibaya karibu yote, na kila mara nilidhani linakwenda polepole kuliko lilivyokuwa. Gari linalokuja kukuelekea moja kwa moja halionyeshi mwendo wake. Linakua tu machoni, kidogo kidogo, kisha ghafla. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama mara mbili, na kati ya kutazama mara ya kwanza na ya pili nahesabu sekunde moja, ili nione limekua kiasi gani.

Kipindi cha tano kilikuwa Ahero, kwenye makutano ya juu yanayounganisha barabara ya Kisii na ile ya Kericho kwenda Kisumu. Njia zake za kupandia zina nafasi zaidi na tambarare ya Kano inakuwezesha kuona mbali, kwa hiyo sikuona haja ya kukaa huko saa nzima na nusu. Nafikiri chuo kingeweza kuunganisha kipindi hiki na cha pili bila hasara.

La muhimu nililolipata huko lilitokea tukirudi, saa kumi na mbili jioni, kazi za ujenzi zilipozibana leni mbili kuwa moja. Hapo kanuni ya kulinganisha mwendo haina nafasi tena, kwa kuwa wote wanatambaa. Mimi nilitaka kujiingiza mapema katika leni inayobaki na kuwaacha wengine nyuma, na nilikuwa nikiwakasirikia waliosonga hadi mwisho wa leni inayofungwa. Mwalimu alinionyesha kwamba leni hiyo nayo ni barabara halali hadi pale inapoishia, na kwamba kuitumia yote kisha kuingiliana gari moja kutoka huku na moja kutoka kule, kama meno ya zipu, hufupisha foleni na kuondoa ugomvi, kwa sababu kila mtu anajua zamu yake. Ujerumani jambo hilo limeandikwa katika sheria ya barabarani. Kwetu linategemea uungwana, na uungwana huo unauawa na wanaoovalapu kwa kupita nje ya lami. Hao hawako katika leni yoyote, hawana zamu, na wakiingizwa mara moja, gari la tano nyuma litawafuata. Nilimuuliza mwalimu kama niwazibie njia. Alikataa, akasema mgomvi mmoja barabarani anatosha.

Sasa nieleze yaliyonikera, kwa kuwa si madogo. Gari la chuo lilikuwa na kioo cha kushoto chenye ufa uliokatiza katikati, nami nilifundishwa vipindi vinne nikiwa nimelipia gari ambalo halikuwa kamili katika kitu kile kile tulichokuwa tukijifunza kukitumia. Kijitabu wanachotoa kimeandikwa kwa Kiingereza peke yake, ilhali darasa zima lilikuwa la Kiswahili na Kijaluo, na mama mmoja mfanyabiashara wa Kibuye aliyeanza siku moja nami alikirudisha bila kukifungua. Mwalimu ni hodari, lakini mara mbili alipokea simu nikiwa ninaendesha, na mara ya pili nilisimamisha gari pembeni hadi alipomaliza. Aliomba radhi kwa moyo, na hakurudia. La mwisho, hakuna hata kipindi kimoja cha usiku. Kuingia barabara kuu gizani ni jambo tofauti kabisa, kwa sababu unachokiona kwenye kioo ni taa mbili tu, na huwezi kujua kwa haraka kama ni gari dogo lililo karibu au lori lililo mbali. Chuo kinachodai kufundisha jambo hili kwa ukamilifu hakiwezi kuishia saa kumi na mbili jioni.

Pamoja na hayo, ningelipa tena. Kipindi cha sita nilitumia gari langu, mwalimu akiwa kando bila pedali, na nilipanda kutoka Kondele mara sita saa moja asubuhi, msongamano ukiwa juu. Mara moja nilikosa nafasi, nikapunguza mwendo njia ikiwa bado ipo, nikaingia nyuma ya basi la pili. Hapo zamani ningesimama. Mara ya sita dereva wa lori la mchanga aliyeniona nikipanda alihamia leni ya kulia mapema, akanipisha bila kugusa breki, na tulipokuwa sambamba nilimwinulia mkono, naye akajibu kwa kuinua vidole viwili kutoka kwenye usukani.

Huduma hii naipendekeza kwa mtu mwenye leseni anayejua gia na breki lakini anayezunguka mji kuikwepa baipasi, na kwa kijana aliyefaulu mtihani wa ubao wiki iliyopita. Kwa mwanagenzi asiyejua klachi bado ni mapema. Chagueni gari la chuo kwa vipindi vya mwanzo, ombeni saa nne asubuhi kwa siku ya kwanza, na daini kipindi cha jioni dhidi ya jua hata kama ofisini watasema ratiba imejaa.

Nilipopita ofisini wiki jana, kioo kilikuwa kimebadilishwa, na mwenye chuo alinionyesha kurasa tatu za kwanza za kijitabu zilizokwisha kuandikwa kwa Kiswahili. Kuhusu kipindi cha usiku bado anazungumza na walimu wake. Mume wangu, ambaye kwa miezi yote ile alinicheka kwa kupitia Kachok, ameanza kipindi chake cha kwanza Jumamosi iliyopita, baada ya kukaa kando yangu kwenye njia ya kupandia na kugundua kwamba yeye mwenyewe hajawahi kugeuza shingo.